Gor wa Kanyamwa: Mtu Aliyemezwa na Jina Lake

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza aliniuliza swali ambalo limekataa kunitoka akilini. Tulikuwa tukijadili majina ya mahali na ya watu katika lugha za Afrika Mashariki, nami nikataja jina la Gor Mahia kama mfano. Kijana huyo, ambaye kwao ni mwendo wa saa chache tu kutoka Ndhiwa, alitaka kujua iwapo Gor Mahia alikuwa mtu wa kweli au ni jina tu la timu ya mpira. Darasa likaangua kicheko. Mimi sikucheka, maana niliona kwamba aliyestahili kuona haya hakuwa yeye. Waliostahili kuona haya ni sisi tuliomfundisha tangu chekechea hadi chuo kikuu bila ya kumwambia.

Hata hivyo, nikijitazama katika kioo cha ukweli, nami nilianzia pale pale alipoanzia kijana huyo. Nililisikia jina hilo mara ya kwanza kupitia redio. Ilikuwa mwezi wa Desemba 1987, nami nilikuwa mtoto mdogo pembezoni mwa mji wa Migori. Wazee walikuwa wamekusanyika uani, redio ikawekwa juu ya kigoda kama mgeni wa heshima, betri zake zikiwa zimeanikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu. Mtangazaji wa Sauti ya Kenya alikuwa akiusimulia mchezo kwa kasi ya ajabu. Kila mara alipolitamka jina lile wazee walinyanyuka, kana kwamba ameitwa mmoja wao. Nilidhani Gor Mahia ni mtu mmoja mwenye mbio sana aliyekuwa akicheza peke yake dhidi ya Waarabu wa Tunisia. Nilikosea kuhusu mpira. Lakini kwamba Gor alikuwa mtu, hapo sikukosea.

Makala haya yanakusudia kumtoa mtu huyo ndani ya jina lake.

Alikuwa Gor mwana wa Ogada, mjukuu wa Ogalo, mzaliwa wa ukoo wa Kanyamwa. Nchi ya Kanyamwa iko katika eneo la Ndhiwa, ambalo leo ni sehemu ya Kaunti ya Homa Bay. Kusini yake ziko nchi za Kadem na Karungu, ambazo leo zimo katika Kaunti ya Migori. Mipaka hii ya kaunti ni ya juzijuzi. Gor hakuijua, wala hakuijua wilaya ya South Nyanza iliyokuja kabla yake. Nchi aliyoijua yeye ilipimwa kwa koo, kwa malisho na kwa mito.

Hapa naomba msomaji aniruhusu nivae joho langu la isimu kwa dakika moja. Katika Kijaluo, kiambishi ka- hudokeza nyumbani kwa mtu fulani, karibu sawa na vile tunavyosema kwa Fulani katika Kiswahili. Ndiyo maana nchi nyingi za Wajaluo zina majina yanayoanza hivyo: Kanyamwa, Kanyada, Kadem, Karachuonyo. Kila jina ni kumbukumbu ya mzee aliyetangulia au ya jamaa fulani. Neno K'Ogalo, ambalo leo mashabiki wa mpira hulitaja bila ya kulifikiria, lina maana ya nyumbani kwa Ogalo, yaani kwa babu yake Gor. Kwa hiyo kila shabiki alitajapo jina hilo uwanjani, huwa anaitaja nasaba bila ya kujua. Ama neno Mahia, hilo ni la sifa. Hutaja maajabu, mambo ambayo macho huyaona na akili ikashindwa kuyafasili.

Gor hakuzaliwa katika zama za vyeti. Umri wa mtu ulihesabiwa kwa njaa, kwa vita na kwa magonjwa, na kizazi chake kiliyaona yote matatu. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, nchi za kusini mwa Ghuba ya Winam zilikuwa bado zinatafuta utulivu. Koo za Wajaluo zilikuwa zikihamia na kusukumana. Upande mmoja walikuwapo Waabasuba, upande mwingine Waabagusii, na kusini zaidi Wakuria na Wamaasai. Ng'ombe ndiye aliyekuwa benki, mahari na sababu ya ugomvi. Watu walijenga miji yao ndani ya kuta. Ushahidi wa kuta hizo ungalipo hadi leo pale Thimlich Ohinga, katika eneo la Nyatike, Migori, ambako mawe yalipangwa bila ya udongo wala saruji na hayajaanguka kwa karne kadhaa. Mwaka 2018 shirika la UNESCO liliitia Thimlich Ohinga katika orodha ya urithi wa dunia. Mwalimu anayetaka wanafunzi wake waelewe hofu iliyokuwako siku hizo, na awapeleke wakazione kuta zile. Hakuna ajengaye ukuta mnene namna ile kwa ajili ya mapambo.

Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1890, ukaja ugonjwa wa sotoka ulioteketeza ng'ombe kote Afrika Mashariki. Haukupita muda mrefu, malale nayo ikaanza kuua watu kando ya Ziwa Viktoria, na bonde la Lambwe, jirani ya Kanyamwa, likabaki kwa miongo mingi kuwa makao ya mbung'o. Katika mazingira kama hayo watu hawakutafuta mtawala hodari wa mkuki tu. Walimtafuta mtu mwenye kuona mbali.

Gor alikuwa mtu wa namna hiyo. Alikuwa mtawala, ambaye Wajaluo humwita ruoth, na papo hapo alikuwa mwenye bilo, yaani dawa za kinga na za vita. Kazi ya mwenye bilo haikuwa ya kujificha gizani. Ilikuwa kazi ya hadharani, yenye heshima na wajibu. Ndiye aliyeamua siku ya kutoka vitani na siku ya kukaa nyumbani. Ndiye aliyeikinga nchi dhidi ya maradhi, na iwapo mambo yangeharibika, ndiye aliyeulizwa. Mtu huyo si mchawi. Mchawi ni adui wa jamii, ilhali mwenye bilo ni mlinzi wake. Kijaluo huwatenganisha wawili hao kwa maneno tofauti. Ni sisi, kwa uvivu wa tafsiri na kwa kasumba tuliyorithi, tuliowatia wote katika gunia moja.

Masimulizi kumhusu ni mengi. Yasemwa kuwa aliweza kugeuza umbo lake, akaonekana leo kikongwe na kesho kijana. Yasemwa kuwa adui walipomzingira walikuta nyumba tupu. Yasemwa kuwa alimjua mgeni kabla ya mgeni kubisha hodi, na akamwambia kilichomleta. Sina nia ya kumtaka msomaji aamini hayo, wala ya kumcheka anayeyaamini. Ninachotaka ni tujiulize yana maana gani.

Mimi nayasoma hivi. Mtawala wa siku zile aliyeoa wake kutoka koo nyingi, kama ilivyokuwa desturi, alikuwa na wakwe kila upande. Mkwe hupita na habari, na mke arudipo kutoka kwao hurudi na habari. Watu waliokuja kutafuta dawa kutoka mbali walikuja nao na habari za huko watokako. Mtu mwenye masikio mengi namna hiyo, mwenye kunyamaza na mwenye kupima maneno, hana budi kumjua mgeni kabla hajafika. Na mtu anayejua adui watakuja siku gani, ni wazi hatakutwa nyumbani. Jamii isiyo na neno la ujasusi ililiita jambo hilo kwa jina lililokuwapo: maajabu. Kwangu mimi tafsiri hii haimpunguzii Gor hata chembe ya sifa. Inamwongezea, kwa sababu inamrudishia akili yake.

Mtihani mkubwa wa akili hiyo ulikuja na Mwingereza. Hadi mwaka 1902, nchi za mashariki mwa ziwa zilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Mwaka huo zikahamishiwa katika himaya ya Afrika Mashariki, na miaka michache tu baadaye kituo cha serikali kikawekwa Karungu, ufukweni, si mbali na Kanyamwa. Mwaka 1907 makao hayo yakahamishiwa Kisii. Pamoja na kituo ikaja kodi ya nyumba, pamoja na kodi ikaja kazi ya lazima, na pamoja na yote hayo ikaja bunduki. Waabagusii walioinua silaha walipigwa mwaka 1905 na tena mwaka 1908. Vijiji vilichomwa na mifugo ikatekwa. Habari za vita hivyo hazikuhitaji redio ili zifike Ndhiwa.

Mtawala angefanya nini? Angepigana, watu wake wakaangamia. Angekimbia, nchi ikabaki bila mwenyewe. Gor hakufanya lolote kati ya hayo mawili. Alikubali kutambuliwa na serikali mpya kuwa chifu wa Kanyamwa, akaendelea kutawala. Hapa ndipo penye ugumu wa maisha yake, na ndipo ambapo wasimulizi wengi hupaharakisha ili warudi kwenye visa vya kugeuka umbo.

Naam, chifu wa wakati ule alikuwa chombo cha mkoloni. Ndiye aliyesimamia kodi ikusanywe, ndiye aliyetakiwa kutoa vijana waende kujenga barabara, na ilipozuka Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1914, machifu wa Nyanza walitakiwa kutoa wapagazi kwa maelfu. Wengi wa wapagazi hao waliozea katika njia za Tanganyika bila kaburi wala jina. Hatuwezi kumsifu Gor kwa hekima yake kisha tukafumba macho mbele ya madaraka aliyoyashika. Mgala muue, na haki yake umpe. Lakini usemi huu una pande mbili: anayempa haki yake asisahau pia deni lake.

Hata hivyo, kumhukumu kwa neno moja, ama shujaa ama kibaraka, ni kumfanyia dhuluma. Vitabu vyetu vya historia vimewagawa Waafrika wa wakati ule katika makundi mawili, waliopinga na walioshirikiana, kama kwamba ni timu mbili zinazovaa jezi za rangi tofauti. Maisha ya watu hayakuwa hivyo. Mtu aliweza asubuhi kumsalimu ofisa wa Kiingereza kwa heshima, na usiku akawakinga watu wake dhidi ya ofisa yuyo huyo kwa njia anazozijua. Wakati Wamisionari Waadventista walipojenga kituo chao Gendia mwaka 1906, na kalamu ikaanza kuingia katika nchi, Gor alikuwa tayari mtu mzima wa zama nyingine. Aliyaona mapambazuko ya ulimwengu mpya akiwa amekalia kiti cha ulimwengu wa zamani. Alipofariki, utawala wa Mwingereza ulikuwa umekwisha kukita mizizi, lakini Kanyamwa ilikuwa bado ipo, na watu wake walikuwa bado wapo katika ardhi yao. Kwa mtawala, hiyo si kazi ndogo.

Kwa kawaida hadithi ya mtu kama huyo ingebaki katika mipaka ya ukoo wake. Wangeisimulia wazee jioni, kisha ingekwenda ikififia. Kilichotokea ni kinyume. Mwezi wa Februari 1968 timu mbili za Wajaluo mjini Nairobi ziliunganishwa ikaundwa klabu moja, na waundaji wakatafuta jina. Wakamchagua mzee wa Kanyamwa. Mwaka huo huo klabu ikatwaa ubingwa wa taifa. Mwaka 1976 ikautwaa tena bila ya kushindwa hata mchezo mmoja.

Uteuzi huo wa jina ulikuwa na busara kuliko walivyojua wenyewe. Karibu na mwaka 1980, serikali ilipoamuru vyama na klabu ziache majina ya kikabila, Luo Union ikalazimika kuwa Re-Union, na Abaluhya ikawa AFC Leopards. Gor Mahia ikabaki Gor Mahia. Kwa maoni yangu siri ni hii, kwamba jina lake lilikuwa la mtu, si la kabila. Mzee ambaye masimulizi humsifu kwa kuwaponyoka waliomzingira, akaiponyoka pia amri ya serikali, miaka mingi baada ya kuzikwa.

Kuanzia hapo jina likakabidhiwa watangazaji wa michezo. Kazi ya watu hao haijapewa heshima inayostahili katika taaluma yangu. Watangazaji wa Sauti ya Kenya, na miongoni mwao Leonard Mambo Mbotela aliyetutoka mwezi wa Februari 2025, waliichukua lugha ya Kiswahili wakaitia mbio. Waliieneza misamiati ya mlinda lango, mpira wa kona, kipindi cha lala salama na mengineyo hadi mashamba ambako mwalimu wa Kiswahili alikuwa hajafika. Mtoto wa Kijaluo, wa Kikuria na wa Kigusii aliketi mbele ya redio moja akajifunza lugha moja. Mimi ni mmoja wa watoto hao. Kabla sijafundishwa ngeli za nomino darasani, nilikuwa nimekwisha kuzisikia zikikimbia upande wa wingi wa kulia.

Watangazaji hao ndio waliolipeleka jina la Gor hadi Mombasa, Garissa na Lodwar. Wakalibeba mwaka 1979 katika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika. Wakalibeba tena mwaka 1987, siku ile ya utoto wangu, wakati klabu ilipotoka sare ya 2-2 mjini Tunis na sare ya 1-1 mjini Nairobi dhidi ya Espérance, ikatwaa kombe kwa mabao ya ugenini. Ilikuwa mara ya kwanza kwa klabu ya Kenya kutwaa kombe la bara zima.

Lakini kila neema ina kivuli chake. Kadiri jina lilivyozidi kutajwa, ndivyo mwenyewe alivyozidi kufutika. Kilichobaki kwa mtu huyu katika vichwa vya wengi ni uchawi tu. Timu ikishinda, husemwa mzee amefanya mambo yake. Timu ikishindwa, hutafutwa mganga. Huku ni kumtukana marehemu, na ni kuwatukana wachezaji pia. Mwaka ule wa 1979 Canon ya Yaoundé iliifunga Gor Mahia jumla ya mabao 8 kwa 0 katika mechi mbili, na jina la mzee halikuzuia hata moja. Mwaka 1987 ushindi haukuletwa na hirizi. Uliletwa na mazoezi, na miguu ya akina Peter Dawo, na kocha aliyejua kazi yake. Gor mwenyewe, ikiwa nimemsoma sawasawa, angekuwa wa kwanza kuwaambia kwamba maajabu ni matokeo ya maandalizi ambayo adui hakuyaona.

Liko jambo jingine la lugha ambalo hunifanya nitabasamu kila nilifikiriapo. Mashabiki wameipa klabu lakabu ya Sirkal. Neno hilo ni lile lile letu la serikali, ambalo asili yake ni Kiajemi na ambalo lilipita India na pwani kabla ya kufika bara. Kwa wazee wa Kanyamwa, sirkal ilikuwa ile nguvu iliyokuja na kodi na bunduki kutoka Karungu, ile ambayo Gor alilazimika kuishi nayo kwa tahadhari hadi mwisho wa siku zake. Leo vijana wanaliimba neno hilo kwa furaha wakilihesabu kuwa lake. Lugha imefanya jambo ambalo mkuki haukuweza: imemnyang'anya mkoloni jina lake la enzi, ikamvika mzee aliyetawaliwa.

Sasa nirudi kwa mwanafunzi wangu. Nilimjibu kwamba ndiyo, Gor alikuwa mtu, kisha nikampa kazi. Nilimtaka arudi kwao wakati wa likizo, atafute wazee watatu, awasikilize bila ya kuwakatiza, na aandike kila alichoambiwa kwa lugha waliyomwambia. Alirudi na kurasa kumi na mbili. Mmoja wa wazee aliokuwa amewaendea alikuwa amefariki wiki mbili kabla ya yeye kufika. Kijana aliniambia jambo hilo huku akitazama chini, nami sikuwa na neno la kumfariji.

Walimu wenzangu wa Homa Bay na Migori, na popote mlipo, hapo ndipo penye kilio changu. Wanafunzi wetu wanaweza kumtaja Shaka wa Wazulu na Samori Ture wa Afrika Magharibi, na ni vyema wawajue. Lakini mtoto anayekaa umbali wa baiskeli kutoka Ndhiwa, au kutoka Thimlich Ohinga, hana udhuru wa kutomjua Gor mwana wa Ogada, na mwalimu wake ana udhuru mdogo zaidi. Hatuhitaji kungoja kitabu kutoka Nairobi. Tunahitaji daftari, kalamu, na adabu ya kuketi mbele ya mzee hadi amalize.

Jumapili ijayo, timu ile itakapoingia uwanjani na mtangazaji akalitamka jina kwa sauti ile inayopanda, msomaji na amkumbuke mtawala mmoja wa Kanyamwa ambaye hakuwahi kuona mpira wa ngozi ukipigwa mbele ya umati, lakini aliyejua kwamba nchi hulindwa kwa kusikiliza kabla ya kusema. Na kama wewe ni mwalimu, mwambie jirani yako uwanjani kwamba huyo alikuwa mtu.